Ijumaa ya Fundi Kifaru

Zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuozeshana mabinti, palikuwa na seremala mmoja, Fundi Kifaru. Mkono wake ulikuwa mzuri, ila alikuwa na mchezo wake: ukimpelekea mbao tu, krrr, krrr, anazikata papo hapo, usije ukazihamishia kwa fundi mwingine. Kisha anakuambia uje Ijumaa.

Bi Kindi alimpelekea mbao za kitanda cha bintiye. Upande wa bwana arusi ulikwisha sema: bila kitanda, hakuna arusi. Ijumaa zikaja, Ijumaa zikapita. Kila alipokwenda aliambiwa kimebaki msasa tu, na kila alipotazama uani aliziona mbao zilezile, sasa kuku wametaga juu yake.

Hakugomba. Aliona pia mbao za mlango wa Nyati na za kiti cha Tembo, zimekatwa, zimelala. Akawauliza wenyewe, mmoja mmoja, wameahidiwa lini. Kila mmoja akajibu kwa maringo kuwa ni Ijumaa hii, tena chake ndicho cha kwanza.

Basi akawaalika wote, na Kifaru mwenyewe, pilau Ijumaa hiyo. Arusi ilikuwa Jumapili.

Kifaru alifika mapema, tena hajala tangu asubuhi. Chungu kinatokota, tok tok tok, karafuu na mdalasini vinanukia mpaka njiani. Akaketi mkekani, akanawa mikono, akangoja. Akangoja sana.

"Imebaki kidogo tu, fundi," Bi Kindi akasema. "Njoo Ijumaa ijayo."

"Lakini ulisema leo, mama! Nimeacha kazi zangu nikaja."

Tembo akakohoa. Akasema hata kiti chake ni leo. Nyati akasema na mlango wake ni leo. Wakatazamana, kisha wote wakamgeukia Kifaru, mwenye meza moja ya kazi na mikono miwili. Kifaru akautazama mkeka.

"Kitanda kikiingia kwangu," Bi Kindi akasema, "chungu kitafunuliwa."

Kifaru akatoka mbio. Nyati akasimama mlangoni mwa karakana, zisiingie mbao nyingine. Randa ikalia khwaa, khwaa. Nyundo, ko ko ko. Jumamosi jioni Kifaru akaja na kitanda mgongoni, tumbo likinguruma.

Chungu kikafunuliwa. Maji na viungo. Punje ya mchele haimo.

"Usinune, fundi. Nimekupikia kwa mtindo wako: harufu kwanza, chakula baadaye. Kaa, mchele nautia sasa."

Akakaa, akangoja kama walivyongoja wateja wake. Binti akaolewa.

Tangu hapo Kifaru hakati mbao kabla ya kuhesabu kazi zilizotangulia. Tembo aliambiwa kiti chake ni mwisho wa mvua za vuli, wala hakununa, maana mvua zilipokatika alikikalia.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nayo yasema: fundi apimaye mbao asipime siku, hajapima kitu.