Tawi Kavu la Mwadime

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa njia!

Tuipite!

Njia ina panda!

Tuzibie!

Haya, sogeeni. Nyie wa nyuma msisukumane, leo zimwi halichagui wa mbele wala wa nyuma.

Hapo kale, huko milimani, palikuwa na vijiji viwili, Kighala na Mwaroko. Kati yake palikuwa na msitu mzito wa ukungu. Barabara haikuwepo. Palikuwa na njia za miguu tu, zinapanda, zinashuka, zinapita juu ya mizizi na mawe yanayoteleza. Ukitaka kumwona shangazi yako, unakaza mkanda unapanda mlima.

Na msituni humo lilikaa zimwi.

Zimwi lenyewe lilikuwa nene na vivu, mbio halina. Lakini lilikuwa na ulimi. Ulimi mrefu, wa rangi ya udongo, wenye ncha tatu. Nao msitu ulikuwa na panda tatu. Basi kila kulipokucha zimwi lilijilaza pangoni, likatoa ulimi, likaweka ncha moja katika kila panda. Leo kushoto, kesho kulia.

Ukiutazama, ni njia. Tena njia nzuri! Haina jiwe, haina mzizi, kama imefagiwa. Ukiifuata, unakwenda raha mustarehe mpaka kooni.

Kinywa halikukifumba mpaka jua lizame, kwa uroho. Lilingoja waingie wengi. Jua likizama, basi tena.

Watu wa Kighala wakajiwekea desturi. Wakisafiri, mmoja hutangulia. Akifika panda, anatupa kijiwe kwenye njia hii, anatupa kijiwe kwenye njia ile. Njia ya kweli hutulia. Ulimi hushtuka. Hapo hukata tawi bichi, akalilaza mbele ya ile iliyoshtuka. Wanaokuja nyuma wakiona tawi bichi wanajua hapo hapapitwi.

Tawi bichi, nimesema. Kavu huangushwa na upepo popote. Nani atalijali?

Basi siku moja kukawa na arusi Mwaroko. Mzee Mghanga alikuwa anamwoza binti yake kwa kijana wa Kighala. Kighala nzima ikajipamba. Mtangulizi akachaguliwa Mwadime, kijana mwenye miguu mepesi na maneno mepesi zaidi.

Mama yake akamwambia, "Mwanangu, leo nyuma yako yupo mdogo wako Wakesho. Hajawahi kupita msitu huu. Ziba vizuri."

"Mama nawe! Mimi ni mtoto?"

Sasa mjue, Mwaroko walikuwa na desturi yao. Mtangulizi wa wageni akifika, hupewa ini la mbuzi, la moto, kabla ya mtu mwingine kutia kitu mdomoni. Mwadime aliliota ini lile tangu juzi.

Akashika njia. Panda ya kwanza, akatupa kijiwe, njia ya kulia ikashtuka. Akakata tawi bichi, akaziba.

Panda ya pili, akatupa kijiwe, njia ya kushoto ikashtuka. Akakata tawi bichi, akaziba.

Panda ya tatu, akatupa kijiwe, njia ya kushoto ikashtuka. Akatazama huku na huku. Miti ya karibu ilikuwa mirefu, na kichaka kilichokuwepo ni cha mchongoma, miiba mitupu. Na kule juu ya kilima, upepo ukamletea harufu ya mbuzi anayechomwa.

"Ah," akasema. "Tawi ni tawi."

Akaokota tawi kavu chini, akalitupa mbele ya njia ya kushoto, akapanda kilima mbio.

Wakubwa walikuwa karibu nyuma yake. Waliuona mgongo wake ukipanda, wakaufuata wala hawakutazama chini. Lakini Wakesho alikuwa nyuma yao, amebeba kibuyu cha asali ya bibi arusi, akitembea polepole isimwagike.

Mwadime akafika Mwaroko wa kwanza. Vigelegele! Mzee Mghanga akamletea ini kwenye jani la mgomba.

"Karibu, mtangulizi wetu. Umeziba njia?"

"Nimeziba."

Akala tonge la kwanza. Tamu.

Akaja dada yake Mzee Mghanga, mama mmoja mwenye macho makali. "Mwanangu, umeziba njia?"

"Nimeziba, shangazi."

Akala tonge la pili. Halikuwa na ladha.

Wageni wakawasili, wakakaa, wakanawa mikono. Mama yake akatazama nyuma, akatazama tena. Akamjia.

"Mwadime, mdogo wako hajafika. Umeziba njia?"

Mwadime alikuwa na tonge la tatu mdomoni. Lilikataa kushuka, lilikataa kutoka. Watu wote walikuwa wanamtazama, na bado kidevu chake kinang'aa mafuta.

"Nimeziba, mama."

"Panda zote tatu?"

"Zote tatu."

"Kwa tawi bichi?"

"Kwa tawi bichi."

Wahenga walisema, kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma. Mwadime alikuwa ameshapanda.

Mama yake akashusha pumzi. "Basi kwa zimwi hayupo. Tumtafute kwingine."

Wanaume wakaenda mtoni. Wanawake wakaenda kwenye majabali. Wapiga ngoma wakaenda kwenye mashamba ya viazi. Wakesho! Wakesho! Kila walikoenda ndiko asikokuwa, kwa sababu ya neno la Mwadime. Naye alilijua hilo. Aliwaona wazee wakiingia kwenye maji baridi mpaka kiunoni, wakipapasa chini kwa fimbo, na uso ukamwaka moto kwa aibu.

"Nitakwenda mwenyewe," akawaza. "Nitamtoa, nirudi naye, na hakuna atakayejua."

Mnaona? Hata hapo alikuwa anauokoa uso wake kwanza.

Akashuka mbio mpaka panda ya tatu. Tawi kavu halikuwepo. Akaifuata njia laini, akitembea kando kando kwenye majani, mpaka akafika pangoni. Pango lenyewe lilikuwa na meno. Na ndani akasikia sauti nyembamba inaimba:

"Kaka, kaka, njia ni laini,
haina jiwe, haina mzizi,
mbona arusi siioni?"

Wakesho alikuwa juu ya ulimi, kibuyu mkononi, anatembea wala hafiki. Kila akipiga hatua, ulimi unamvuta ndani kidogo.

Mwadime akarudi akakata tawi bichi la mchongoma, sasa miiba haikumshinda, akalikita kwenye ulimi, akavuta. Ulimi ukamburuta yeye. Akavuta tena, ukamburuta. Akavuta mara ya tatu, akaanguka kifudifudi. Mtu mmoja, ulimi wa zimwi, wapi na wapi?

Zimwi likacheka taratibu, lisimwangushe mtoto.

"Wewe nakujua," likasema. "Mtangulizi. Tangu nizaliwe sijapata rafiki kama wewe. Nenda zako kamalize ini lako, nami niachie langu."

Maneno yale yalimchoma kuliko mchongoma. Rafiki wa zimwi! Akatazama juu. Jua lilikuwa limeanza kugusa kilima.

Na mtoto ndani:

"Kaka, kaka, njia ni laini,
haina jiwe, haina mzizi,
mbona arusi siioni?"

Mwadime akapanda kilima akilia. Alipofika uwanjani, akalichukua baragumu la arusi, akalipuliza. Watu wakatoka mtoni, wakatoka majabalini, wakatoka mashambani, wanahema. Walidhani mtoto amepatikana. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele.

"Msipige," akasema Mwadime. "Msipige, nawaomba."

Akaliweka baragumu chini.

"Panda ya tatu sikuziba. Niliokota tawi kavu. Nilifuata ini. Mzee aliniuliza nikasema uongo. Shangazi aliniuliza nikasema uongo. Mama..." Akamgeukia mama yake. "Wakesho yuko kinywani. Nimemvuta peke yangu, nimeshindwa."

Hakuna aliyemtukana. Heri wangemtukana. Mzee Mghanga aliyatazama maji yanayomtiririka miguuni. Na mama yake akachukua upindo wa nguo yake akajifunika uso, mbele ya wakwe, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mwadime akatamani ardhi ipasuke.

Kisha mama akafunua uso. "Jua linazama," akasema. "Kamba ziko wapi?"

Basi wakateremka wote, wa Kighala na wa Mwaroko, bibi arusi na mapambo yake. Wakakata matawi mabichi ya mchongoma, wakayafunga kamba, wakayakita kwenye ulimi. Mwadime akashika mbele kabisa, kwenye miiba.

"Vuta!" Ulimi ukashtuka.

"Vuta!" Ulimi ukanyooka.

"Vuta!" Zimwi likakabwa, likakohoa, likatapika. Wakesho akatoka kama kokwa la tunda, akabingirika majanini, kibuyu kifuani.

Zimwi likaurudisha ulimi umejaa miiba, likakimbia, lile lililokuwa halina mbio, likavuka milima halikuonekana tena. Ndiyo maana njia za milimani mpaka leo zina mawe na mizizi. Ukikuta iliyo laini kupita kiasi, tupa kijiwe kwanza.

Mama akamkumbatia mtoto. Watu wakacheka, wakalia. Mwadime alisimama mbali, mikono inavuja damu. Wakesho akamwona, akamkimbilia.

"Kaka, asali haikumwagika!" akasema. "Lakini nilichelewa kidogo. Nilikuta tawi kavu njiani, nikaliweka kando, nikasema wewe na mama msije mkajikwaa wakati wa kurudi."

Mtoto alilitazama lile tawi mara moja tu, akawafikiria wenzake. Mwadime, mtu mzima aliyetumwa na kijiji kizima, alifikiria ini. Akapiga magoti, akaificha sura yake kwenye mabega madogo ya mdogo wake, akalia mbele ya watu wote. Safari hii hakujali nani anamtazama.

Arusi ilifanyika. Ini lilikuwa bado pale kwenye jani la mgomba, limepoa, nzi wametua juu yake. Hakuna aliyeligusa.

Miaka ikapita. Zimwi halikurudi, lakini desturi ya kuziba njia haikuachwa. Wakesho akakua, akawa mtangulizi wa Kighala, na matawi yake yalikuwa mabichi hata kiangazi. Mwadime aliombwa atangulie tena, akakataa. Alitembea wa mwisho kabisa, mpaka mvi zikamtoka. Na kila alipopita, aliinama, akaokota matawi makavu njiani, moja moja, akayatupa mbali.

Watoto hawakujua kwa nini. Lakini walijua msemo. Mtu akifagia nusu ya uwanja, akifunga mbuzi kwa kamba mbovu, huambiwa, "Hilo ni tawi la Mwadime." Mzee naye alikuwa akiusikia, huko nyuma alikokuwa. Alikuwa anainamisha uso, anaokota tawi jingine.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye panda ya tatu. Aliyetangulia ameziba, aliye nyuma apite salama.

Ukipewa kazi ambayo wengine wataifuata bila kuuliza, ifanye kana kwamba anayekuja nyuma yako ni mdogo wako. Na ukikosea, sema mapema, jua halijazama. Njia ya mwongo ni fupi, lakini si yeye peke yake anayeipita.