Wimbo wa Dakika Ishirini na Tatu

Sogeeni, na mwenye masikio mazito akae mbele, maana kesi ya leo ni ya wimbo na mahakimu ni ninyi.

Huko Uingereza, katika mji mmoja wa viwanda, miaka ya sabini ilipoanza, palikuwa na bendi iliyoitwa Bustani ya Shaba. Walipiga roki ya watu wasio na haraka. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa santuri. Ungeweza kwenda kuchemsha chai, ukarudi, na mwimbaji bado hajafungua kinywa. Tuwatazame watu watatu. Leonard alipiga kinanda na kutunga. Gwilym alipiga ngoma, na mapigo yake hayakuyumba hata siku alizokuwa na homa. Maureen hakupiga chochote. Alikuwa fundi wa studio, na hakuna kosa lililoyapita masikio yake.

Leonard alifiwa na mdogo wake, Edwin. Mwaka mzima hakuzungumza na watu, alitunga tu. Akatoka na wimbo wa dakika ishirini na tatu, mgumu kiasi kwamba yeye mwenyewe alishindwa kuupiga mwanzo hadi mwisho. Ikabidi waurekodi vipande vipande, kumi na kimoja kwa jumla.

Maureen akashika wembe, akaikata mikanda ya kurekodia na kuiunga. Lakini kipande cha sita na cha saba vilikataa kukutana. Leonard akakata tamaa, akaenda zake nyumbani. Maureen akachukua sauti ya kinanda, akaigeuza isikike kinyumenyume, akaipachika pale katikati. Leonard aliporudi na kusikiliza, alilia.

"Huyu ni Edwin," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akipumua siku za mwisho."

Kampuni ikasema wimbo ni mrefu mno, mkanda ufutwe utumike tena, kama walivyozoea. Gwilym akauficha ndani ya ngoma yake kubwa, akatoka mlangoni akipiga mluzi. Walipogundua, walimfukuza, na hakuna studio iliyompokea tena. Akaendesha basi miaka thelathini, mkanda ukiwa chini ya kitanda chake. Bendi nayo ikasambaratika.

Juzi juzi kampuni nyingine ndogo imeomba kuutoa wimbo ule. Sasa sikilizeni balaa. Bendi ilikuwa na kanuni, na wote waliitia saini, hata fundi wao: chini ya kila wimbo jina moja tu, kwa kauli moja. Wasipokubaliana, wimbo hautoki. Waliona bendi za wenzao zikivunjika kwa kugombea majina, wakadhani wao wamepata dawa!

Wakakutana jikoni kwa Gwilym, wazee watupu.

"Msiba ulikuwa wangu," alisema Leonard. "Bila mimi mngerekodi nini?"

"Ulituachia vipande, ndugu yangu," alijibu Maureen. "Na pale panapowaliza watu hukupatunga wewe. Maisha yangu yote jina langu halijaandikwa kwenye jalada la santuri. Hata moja."

Gwilym alikuna kidevu. "Mimi sikutunga wala sikuunga. Ila bila mimi leo mngekuwa mnagombea hewa."

Wanapendana hawa, na ndiyo maana naona uchungu kuwasimulia. Kila mmoja anajua wenzake wana haki, na hakuna anayeweza kuiachia yake. Tena Leonard anaumwa. Daktari amemwambia asitegemee kuuona mwaka ujao, naye anataka kuusikia wimbo wa mdogo wake redioni, walau mara moja.

Mpiga chapa wa jalada anasubiri jina hadi Ijumaa. Na msiniambie majina yaandikwe yote matatu, njia hiyo waliifunga wenyewe. Haya, semeni: mngeandika jina la nani? Na hao wawili wanaobaki, mngewatazama machoni mkawaambia nini?