Ufunguo Shingoni mwa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na viwanda vyao, masoko yao na bunge lao, Kiboko alijenga kiwanda cha kubangua korosho kando ya kijito. Sogeeni karibu, wanangu. Na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako, maana kisa hiki kina hasira ndani yake, nayo hasira yataka usikivu.

Kiwanda hicho kilikuwa na vyoo sita. Vyoo vizuri, vyeupe, vyenye milango ya bluu, na maji yake yakifunguliwa yanasema shwaaa! Lakini kila mlango ulikuwa na kufuli. Kufuli zote sita zilifunguliwa kwa ufunguo mmoja, na ufunguo huo Kiboko aliuvaa shingoni kwa mnyororo. Akitembea, unalia kling, kling, kling.

"Vyoo hivi ni vya wageni," alisema Kiboko. "Mfanyakazi akikaa chooni, korosho atabangua nani? Ataenda mara moja tu kwa siku, saa sita mchana. Tena aende huko kijitoni!"

Wageni wenyewe walikuwa nani? Waheshimiwa wa Bunge! Ukumbi wao ulitazamana na kiwanda, na kila walipobanwa, Kiboko aliwafungulia.

Basi wafanyakazi walijibana tangu alfajiri. Saa sita ikigonga, mbio kijitoni, puku puku puku! Na kijito hichohicho kiliteremka hadi kijijini, ambako watoto wao walichota maji ya kunywa.

Mmeshajua kilichofuata. Watoto wakaanza kuhara.

Kiboko alipoona minong'ono imezidi, akamwendea rafiki yake na mbunge mwenzake, Nyati. Nyati alikuwa Waziri wa Kazi, Biashara Ndogo na Afya. Wizara zote tatu alipewa yeye kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye makalio ya kujaza kiti kile.

"Ugonjwa huu tumeshaujua," Nyati akatangaza. "Unatoka kwenye uji wa Mama Kanga!"

Mama Kanga aliuza uji wa ulezi langoni pa kiwanda. Nyati akafika na askari wake, akaipiga teke sufuria. Pwaaa! Uji wote chini.

"Maji yangu nayachemsha mpaka yanaruka!" Mama Kanga akapiga kelele huku manyoya yamemsimama. "Ninyi mnachemsha nini? Nitawalisha nini vifaranga kumi na wanne?"

"Nyamaza, mama. Biashara ndogo, uchafu mkubwa!" Nyati akasema, akaenda zake.

Siku hiyo Digidigi, mbangua korosho, alikwenda kumwona mbunge wao. Mbunge wao alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, mwenye masikio ya mviringo, asiye na mkia.

"Mtoto yukoje, dada?" Pimbi akauliza.

"Jana alikuwa akiniita mama," Digidigi akajibu. "Leo haniiti. Ananitazama tu."

"Umempeleka kwa mganga wa zahanati?"

"Amesema anywe maji safi. Maji safi yako wapi, Mheshimiwa? Kijito ndicho hicho, na wanaokichafua ni sisi wenyewe, mama zao! Mimi nachafua juu, mwanangu anakunywa chini. Na vyoo sita vimefungwa!"

Sasa, wanangu, mjue jambo moja kuhusu pimbi. Ukoo mzima wa pimbi una choo kimoja, pembeni ya jabali, tangu enzi za mababu. Mtoto wa pimbi huonyeshwa choo kabla hajafundishwa kupanda mwamba. Kwa hiyo Pimbi aliposikia hayo, nywele za mgongoni zilimsimama wima.

"Nimeuliza swali hili bungeni mara tatu," alisema. "Mara tatu Nyati amenijibu, 'Linafanyiwa kazi.' Wakubwa wakanikodolea macho, nami nikaogopa, nikasema nimeridhika. Niwie radhi, dada. Kesho sitasema hivyo."

Bunge la wanyama lilikuwa na kanuni ya zamani. Swali likishaulizwa, mlango unafungwa, na haufunguliwi mpaka muulizaji aseme neno moja: "Nimeridhika." Atakayetoka kabla ya hapo amejivua kiti chake. Lakini wadogo waliwaogopa wakubwa, wakawa wanasema "Nimeridhika" hata kabla ya kujibiwa. Kanuni ikalala usingizi.

Na palikuwa na desturi nyingine. Kabla ya kikao, mbunge mmoja kwa zamu huwakaribisha wenzake togwa. Mwenyeji hugawa, yeye hanywi. Kesho yake ilikuwa zamu ya nani? Eeh! Ya Pimbi.

Asubuhi akafika na mitungi minane ya togwa tamu, baridi, na matikiti maji lundo zima. Wabunge wadogo aliwanong'oneza, "Onjeni tu." Wakubwa hakuwanong'oneza kitu.

"Karibu, Mheshimiwa Waziri! Mtungi huu ni wako peke yako."

"Leo Pimbi umekua," Nyati akacheka. Gluk, gluk, gluk!

"Nawe mzee wangu Kiboko, nimesikia eti Waziri anakushinda kunywa."

"Mimi? Nishindwe na huyu?" Kiboko akaachama, akamimina mtungi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Gluk, gluk, gluk, gluk! Akamalizia na matikiti kumi, maganda na yote.

Spika, Mzee Kobe, akagonga meza. Ko! Ko! Pimbi akasimama juu ya kiti ili aonekane.

"Mheshimiwa Spika, naomba kumuuliza Waziri. Kwanza, kwa nini wafanyakazi wa korosho wanafungiwa vyoo? Pili, kwa nini amemwaga uji wa Mama Kanga bila kuupima? Tatu, watoto wetu wanaugua nini?"

Mlango ukafungwa. Kacha!

"Mheshimiwa Spika," Nyati akajibu bila kusimama, "mfanyakazi mwenye nidhamu anaweza kujizuia kutwa nzima. Mara moja kwa siku inamtosha kabisa. Mengine yanafanyiwa kazi."

"Muulizaji, umeridhika?" Kobe akauliza.

Ukumbi ukamtazama Pimbi. Wakubwa wakamkodolea macho kama kawaida yao.

"Sijaridhika," akasema Pimbi, akaketi.

"Ati nini?" Nyati akaruka. "Wewe kipande cha mnyama! Huna hata mkia!"

"Sina mkia, Mheshimiwa. Swali ninalo."

Nyati akajibu tena, maneno marefu, mchakato na mkakati na tathmini. Pimbi akasema hajaridhika. Nyati akajibu mara ya tatu. Sasa alikuwa amesimama, na mguu mmoja umepanda juu ya mwingine.

"Waziri anacheza ngoma?" Pimbi akauliza.

"Sichezi! Nina... nina jambo dogo nje."

"Dogo kiasi gani?"

"Mheshimiwa Spika, tupumzike kidogo!"

"Kanuni hairuhusu," akasema Kobe polepole.

Jasho likamtiririka Nyati. Tembo akakunja mkonga, akafumba macho. Kifaru akaanza kuhesabu misumari ya dari. Tumbo la Kiboko likalia, ngurrr, ngurrrrr.

"Pimbi, mwanangu," Nyati akabembeleza, "sema basi umeridhika. Wewe ni mtoto wetu."

Hapo Pimbi alisimama tena, na sauti yake ndogo ikatetemeka kwa hasira.

"Mwanao? Mwana wa Digidigi jana hakuweza kumwita mama yake! Umekaa humu tangu asubuhi tu, baba, umekunywa togwa kwa hiari yako, umekaa kwenye kiti laini. Wao wanakaa hivyo kila siku, na utomvu wa maganda ya korosho unawaunguza vidole. Umesema mwenye nidhamu anajizuia kutwa. Haya, jizuie! Kutwa bado!"

Mara, ngurrrrrrr! Mkia wa Kiboko ukaanza kutikisika. Pa. Pa. Pa-pa-pa.

Wanangu, kila mnyama anajua kiboko akizidiwa mkia wake hufanya nini. Huzunguka kama feni, na kilichoko nyuma yake hurushwa kila upande. Na aliyeketi nyuma ya Kiboko alikuwa nani? Waziri!

"Uwiii! Mkamateni mkia!" Nyati akapiga yowe. "Kiboko, toa ufunguo! Toa!"

"Ni wangu!"

"Toa!" ukumbi mzima ukanguruma.

Kiboko akauvua mnyororo, kling, akamkabidhi Pimbi. Pimbi akaurusha dirishani. Nje alisubiri Digidigi. Akaudaka hewani, akatimka.

"Umeridhika sasa?" Nyati akauliza, magoti yamegusana.

"Bado swali la pili na la tatu."

"Uji wa Mama Kanga ni safi! Sikuupima! Nilisema uongo! Nitamnunulia sufuria mpya! Watoto wanaugua kwa sababu ya kijito, na kijito ni kwa sababu ya kufuli, na kufuli nilizijua! Nilizijua siku zote! Haya!"

"Iandikwe iwe sheria," akasema Pimbi. "Choo cha kazini kiwe wazi saa zote, kwa kila afanyaye kazi."

Mzee Kobe akachukua kalamu. Akaichovya wino. Akaipangusa. Akaandika herufi ya kwanza. Akaitazama. Akaandika ya pili.

"Haraka, mzee!" akalia Tembo.

"Sheria haiandikwi mbio," Kobe akajibu. "Na nikimaliza, kwa utaratibu, nitaisoma mara mbili."

Akaisoma mara mbili. Ndipo Pimbi akasema, taratibu kabisa, "Nimeridhika."

Mlango, kacha! Waheshimiwa wakatoka kama mafuriko, vumbi tifu, tifu, wakavuka barabara hadi kwenye milango sita ya bluu.

Milango yote ilikuwa imefungwa, lakini kwa ndani. Na mbele ya milango hiyo palikuwa na foleni ndefu ya wabangua korosho, wake kwa waume, wametulia. Digidigi alisimama mwanzo wa foleni, kufuli sita mkononi.

"Tupishe, dada! Mimi ni Waziri!"

"Shikamoo, Waziri," Digidigi akajibu. "Foleni inaanzia kule nyuma, baada ya yule panya."

"Ni mbali!"

"Mwenye nidhamu anaweza."

Kama Nyati aliwahi au hakuwahi, muulizeni panya. Mimi ninachojua ni kwamba Kiboko hakuwahi, na ukuta mweupe wa ofisi yake ulipakwa upya mwezi mzima, naye mwenyewe ndiye aliyeshika brashi.

Jioni ileile Mama Kanga akawasha jiko langoni. Akachemsha maji mpaka yakaruka, akayapoza, akayatia chumvi kidogo na sukari kidogo, akampelekea mtoto wa Digidigi. Kijiko kimoja, kisha kingine. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Digidigi hakubanduka kitandani, na hakuna aliyemfukuza kazi.

Siku ya tatu asubuhi, mtoto akafumbua macho, akasema, "Mama, nina njaa."

Basi wanangu, funzo la kisa changu ni hili: asimpangie mwenzake kiasi cha kuvumilia yule ambaye hajavumilia hata siku moja.