Ukoo wa Bi Mashungi

Paukwa!
Pakawa!
Nina kahadithi kamechoka.
Kaache kajikokote, tutakasikiliza hivyo hivyo.

Basi hapo kale, chini ya bahari, waliishi nyota wa manyoya, viumbe wenye mikono laini kama mkia wa jogoo. Mmoja alikuwa Bi Mashungi, mwekundu. Katikati ya mikono yake aliishi Kiduvi, kamba mdogo kuliko ukucha.

Mtawala wa mwamba alikuwa Chewa, samaki mwenye mdomo kama pango. Aliamuru kila ukoo wa nyota wa manyoya umpe kamba mmoja kila asubuhi. Koo alizijua kwa rangi: wekundu, wa manjano, weusi. Bugu! Bugu! Bugu! Dada zake Kiduvi wakaisha. Kiduvi akachoka kulia, akachoka kujificha. Zamu yake ikafika.

"Shikamoo, babu Chewa. Unapunjwa."

"Napunjwa vipi?"

"Rangi hudanganya. Huenda koo ni nyingi zaidi. Hesabu mikono."

Uroho ukampanda Chewa, akahesabu. Mikono ikapepea, fya! fya! fya! Hesabu ikampotea, akaanza upya.

"Huyu kumi. Huyu kumi kasoro mmoja?"

"Mmoja ulimkatika, babu. Utaota. Tazama basi vikucha anavyoshikia mwamba."

Akatazama mpaka macho yakamuuma. "Vinafanana! Nitajuaje?"

Kiduvi akashusha pumzi. "Asili imo nyamani, waliyorithi kwa mama na baba. Hiyo haidanganyi. Onja kila mmoja."

Bi Mashungi alikwisha kukubali kung'atwa. "Mkono huota, mwanangu," alimwambia. "Kamba haoti."

Chewa akamng'ata mwekundu, nyaku! Chungu kama shubiri. Akamng'ata wa manjano, nyaku! Uchungu ule ule.

"Kumbe hawa ndugu! Na mweusi?"

Nyaku-nyaku! Ulimi ukavimba, mdomo ukakataa kufumba, mwaaa! Akashuka vilindini na mdomo wazi, asirudi tena.

Hakuna aliyeshangilia. Kiduvi akapanda mikononi mwa Bi Mashungi, kwenye ile iliyobaki.

"Kwa hiyo mimi na yule wa manjano ni ndugu kweli?"

"Sijui, bibi. Niache nilale."

Hadithi imefika, na msimulizi naye hoi. Funzo lake ni hili, wanangu: mtu hujulikana kwa rangi yake, msijisumbue kuchungulia ndani. Na mkubwa akitaka kuwala, mwitikieni labeka.