Jiwe Jekundu la Hajja Badriya

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tukisema hivyo, aghalabu tunamfikiria mtu mpole anayemeza hasira siku baada ya siku, mpaka siku moja ikamwagika yote. Lakini katika mji wa Mosul, vita vilipokwisha, kimya kilikuwa kitu cha kukanyagwa. Nyumba ilikuwa imetulia, mlango umerudishiwa vizuri, kumbe chini ya sakafu mauti yamejilaza yakingoja unyayo.

Nyumba ya Hajja Badriya ilikuwa mojawapo ya nyumba hizo. Aliolewa humo, akazaa humo, na mumewe alitolewa humo kwenda kuzikwa. Vita vilimfukuza akaishi hemani, na sasa hakutaka kitu duniani ila kulala tena chini ya dari lake. Jioni moja, wanajeshi wategua mabomu walifika wakakagua. Kiongozi wao, Sajenti Dhirgham, aligundua bomu lililofukiwa uani, chini ya mojawapo ya mabamba ya mawe. Kwa kuwa jua lilikuwa linazama, aliweka jiwe lililopakwa rangi nyekundu juu ya bamba hilo, akafunga mlango, akaamuru mtu yeyote asiingie mpaka warudi.

Hajja Badriya alisikia amri hiyo kwa masikio yake mawili. Lakini alikuwa mwanamke wa Mosul, na kwao mgeni hapokelewi vumbini, hata kama mgeni huyo amekuja kuchimba bomu. Alfajiri iliyofuata alipanda darini kwa jirani, akavuka hadi kwake, akateremka ngazi, akasimama kizingitini na kuufagia ua kwa fagio refu la makuti. Fagio likaligonga lile jiwe, likabiringika. Moyo ulimpasuka. Alilivuta kwa fagio, akalisukuma hadi pale alipodhani ndipo lilipokuwa, kisha akatoka kama alivyoingia. Kwa hofu na aibu, hakumwambia mtu.

Wanajeshi walipofika asubuhi, Koplo Nashwan, msaidizi wa sajenti, aliwapanga majirani nyuma ya magunia ya mchanga mwishoni mwa kichochoro. Kutoka hapo, kupitia lango la nyumba, ua ulionekana wazi. Nashwan alikuwa na mdomo usiojua kufungwa.

"Hajja, kubba yetu ya ngano na nyama iko wapi? Jana ulituahidi."

"Imeiva. Kazi kwanza, tumbo baadaye."

"Haya, maana ubahili wa watu wa Mosul tunausikia hadi kwetu Amara! Eti kwenu mgeni anaulizwa, 'Umeshakula, au utakula kwako?'"

Wanawake wakacheka. "Na nyinyi watu wa kusini mna maneno," Hajja akamjibu, "ndiyo maana nyati wenu wa kufugwa hawatoi maziwa. Mnawachosha kwa porojo!"

Sajenti Dhirgham hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, hata wenzake walimwita Bubu. Alichungulia uani, akageuka. "Kumesafishwa."

"Upepo wa usiku huo, Afande," Nashwan akasema.

"Hakuna aliyeingia?"

Macho yake yalimwangukia Hajja Badriya. Bibi wa watu alivuta abaya lake, akatazama chini. Angesemaje, mbele ya majirani wote, kwamba yeye mtu mzima amevunja amri kwa ajili ya fagio?

"Nani aingie humo, Afande?" Nashwan akamjibia. "Labda mwendawazimu."

Sajenti akaingia. Chombo chake cha kutafutia mabomu kililia kila mahali, kwa maana ua ulijaa vipande vya vyuma vya vita. Hakuwa na cha kumwongoza ila jiwe lake mwenyewe. Akawa anasogea kwa magoti, akipapasa kila bamba kabla ya kuliwekea goti, kwa utulivu kama mtu aliye katika sala. Hajja Badriya alimtazama, akastaajabu. Huyu si mwanawe, si jirani yake, wala hajapata kulala usiku mmoja katika mji huu, na bado ameutandaza mwili wake juu ya mauti ili bibi asiyemjua arudi kulala kwake. Ndipo alipouona mchungwa uliokuwa uani. Jana jiwe lilikuwa chini ya mti huo, na leo lilikuwa upande wa kisima. Na goti la sajenti lilikuwa linashuka kivulini.

"Simama!" Sauti iliyomtoka ilikuwa kubwa kuliko yeye. "Simama, mwanangu! Jiwe nimeligusa mimi! Nilifagia! Bomu liko chini yako, hapo mtini!"

Kichochoro kizima kiliganda. Sajenti Dhirgham naye aliganda, goti likielea juu ya bamba. Hakulishusha, hakuruka, hakugeuka. Mguu mmoja ulimbeba huku jasho likimtiririka shingoni, kisha polepole mno akalirudisha goti nyuma, pale pale lilipotoka.

Sajenti alilala kifudifudi, akafukua pembeni mwa bamba la kivulini kwa brashi. Ukingo wa bomu ukatokea. Akatazama kwa muda mrefu, akaona limetegwa juu na chini, lilipuke likikanyagwa au likiinuliwa, wala haliwezi kuteguliwa kwa mkono. Basi alilifunga ndoano yenye kamba ndefu, akarudi nyuma kwa njia aliyojia, na wote wakainamisha vichwa nyuma ya magunia. Akavuta.

Ardhi iliruka. Mshindo ule ulivuka mto Tigris ukarudi, na njiwa wa mji mzima wakapaa. Vumbi lilipotulia, mchungwa haukuwapo, ukuta wa jiko ulikuwa kifusi, lakini nyumba ilisimama. Hajja Badriya alilitazama shimo palipokuwa na kivuli, akaona ukubwa wa kitu alichokuwa amekificha kifuani tangu alfajiri. Akaketi chini akalia kwa sauti.

Sajenti akachuchumaa mbele yake, mweupe kwa vumbi kama mwoka mikate. "Umenifokea kama mama yangu," akasema.

"Nisamehe, mwanangu. Niliona haya."

"Haya yako ingekula goti langu na kilicho juu yake." Kisha Bubu akatabasamu. "Kubba imepoa?"

Walikula palepale kichochoroni. Hajja alimkatia sajenti kipande kikubwa kuliko vyote, na tangu siku hiyo kila alipomwona jirani amenyamaza na jambo moyoni, alimshika mkono akampeleka uani kwake, akamwonyesha shimo ambalo hakukubali lifukiwe, akamwambia: "Sema sasa, mwenzangu, ungali na nafasi. Kimya kingi kina mshindo mkuu."