Greda Moja, Barabara Mbili

Hapo zamani, zamani za karibuni tu, palitokea jambo ambalo kila anayelisimulia hukwama palepale. Wapo waliolipeleka kanisani, wapo waliolipeleka kilabuni, na kote liliwashinda. Nalo ni hili.

Milimani kulikuwa na vijiji viwili, Ihanga na Lugoda, na kila kimoja kilikuwa na barabara mbovu. Halmashauri ilikuwa na greda moja. Kila mwaka, kabla ya mvua, greda ile iliweza kuchonga barabara moja tu, na kila mwaka madiwani waligombana mpaka viti vikavunjika. Mwishowe wakakubaliana: kwa kuwa watu wa huku wanapenda mbio za magari kuliko wanavyopenda mikutano, basi mbio ziamue. Dereva wa kijiji kitakachoshinda, barabara ya kijiji chake itachongwa. Greda ni moja, barabara ni mbili, na mvua haingoji mtu.

Yustina Mhelela wa Ihanga alikuwa mshika bendera. Kwa miaka mitatu alisimama kwenye kivuko cha makaburini, mahali ambapo njia ya mbio hukatwa na njia ya kwenda kuzika, mkononi ana kitambaa cha manjano. Siku ile alisimama huku akitazama mawingu. Nyumbani alikuwa amemwacha Tusekile, mke wa mwanawe, mimba ya miezi minane, miguu imevimba. Kutoka Ihanga hadi zahanati ni mteremko wa makorongo. Mvua ikikolea, hata pikipiki haipiti. Yustina alihesabu wiki kwa vidole, akazimaliza, akaanza tena.

Mwaka ule waandaaji walikuwa wameleta kanuni mpya. Watu walilalamika kwamba Eliuta, dereva wa Ihanga, akishatangulia hakuna tena cha kutazama, ni vumbi tu. Basi ikaandikwa: bendera ya manjano ikiinuliwa, magari yapunguze mwendo, yakusanyike nyuma ya gari jeupe la waamuzi, ndipo yaachiwe upya. Aliyetangulia kwa dakika mbili, dakika zake zimepotea. Ikaandikwa tena: katika mzunguko wa mwisho aliye nyuma afunguliwe njia ya mkato, mara moja, ili mbio zinoge. Na kanuni ya zamani ikabaki: dereva akishuka garini njiani, huongezewa sekunde thelathini.

Mashabiki walinung'unika. Fundi cherehani mmoja alisema mwaka jana walitazama magari, mwaka huu wanatazama kitabu. Mwenzake akamjibu avumilie, mwakani aliye nyuma atapewa na mbeleko.

Mbio zilichelewa kuanza kwa saa nzima, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa bado njiani. Eliuta, ambaye siku za kazi ndiye dereva wa greda ya halmashauri, alitangulia tangu mzunguko wa kwanza. Akapita kivukoni, vumbi likatua, Yustina akapangusa macho, ndipo Festo wa Lugoda akapita. Mzunguko wa pili hivyohivyo. Wa tano hivyohivyo. Wa nane hivyohivyo.

Mzunguko wa tisa, Yustina akasikia wimbo wa msiba nyuma yake. Watu wa Lugoda walikuwa wanakuja na jeneza. Wafiwa waliambiwa wapite saa tisa, mbio zikiwa zimekwisha. Sasa ilikuwa saa tisa, nao walikuwa wametimiza ahadi. Marehemu alikuwa Sekela, mama wa makamo, aliyefia juu ya machela katika kona ya tatu ya barabara ya Lugoda, wakati watu wanne wakimteremsha kwenda zahanati.

Yustina alijua bendera ile itampokonya Eliuta dakika zake mbili. Alijua pia jeneza halisubirishwi. Akainua.

Eliuta akatokea kwenye kona. Kanuni ilisema apunguze mwendo. Lakini milimani kule, msiba ukipita, mwenye baiskeli hushuka, mwenye mzigo huutua, mwenye kofia huivua. Eliuta akazima gari. Akafungua mlango, akashuka, akavua helmeti, akasimama kando ya njia, kichwa ameinamisha, mpaka mtu wa mwisho alipovuka. Ndipo akarudi garini.

Jeneza likiwa bado linavuka, Festo alikuwa amefika nyuma yake. Festo hakuzima gari. Hakushuka. Alikaa, mikono kwenye usukani, anatazama mbele.

Gari jeupe likaja, likawaongoza, likawaachia. Mzunguko wa kumi, wa mwisho, Festo akafunguliwa njia ya mkato, akaitumia. Hata hivyo Eliuta akafika mstarini kwanza, kwa sekunde kumi. Ihanga wakambeba mabegani. Wanawake wakapiga vigelegele, na Yustina, kule kivukoni, kwa mara ya kwanza siku ile akaacha kutazama mawingu.

Saa moja baadaye kipaza sauti kikamwita Yustina kwenye hema la waamuzi.

Ndani alikuwepo mwamuzi mkuu, Kihwele, na kitabu chake kimefunguliwa. Nje watu walikuwa wamejaa. Fundi cherehani alinong'ona kwamba siku hizi mshindi hutolewa ofisini, kama leseni. Kihwele alieleza kuwa kuna maneno yamemfikia. Kamera zote zilikuwa kwa mgeni rasmi, wafiwa wako makaburini, na mshindani haulizwi habari zake wala za mwenzake. Amebaki mshika bendera.

"Mama Yustina," akasema, "Eliuta alishuka garini?"

Yustina akamtazama Eliuta, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa hema. Eliuta hakumpa ishara yoyote. Akaifikiria miguu ya Tusekile. Akalifikiria lile jeneza.

"Alishuka," akasema. "Akavua kofia, akasimama kama mtu aliyelelewa."

Nje pakachafuka. Watu wa Ihanga walimwita msaliti, kijana mmoja akamwambia akamzalishe mkwewe kwa ile bendera. Kihwele akasubiri kelele zipungue, akawaita madereva.

Eliuta akasema, "Mimi nilitangulia tangu mzunguko wa kwanza. Bendera ilininyang'anya dakika mbili, sikulalamika. Mkato akapewa mwenzangu, sikulalamika. Nilikimbia na kanuni zenu zote mgongoni na bado nilifika kwanza. Sasa niadhibiwe kwa kumheshimu maiti? Na hakuwa maiti wa kwetu."

Watu wakaguna. Hata wa Lugoda waliguna.

Zamu ikawa ya Festo.

"Yule ni shangazi yangu," akasema. "Aliyenilea. Niliomba wazike bila mimi, kwa sababu nilikuwa naitafuta barabara iliyomuua. Jeneza lilipopita mbele yangu nilishika usukani hivi, mikono isinisaliti. Mnadhani sikujua kushuka? Kanuni niliisoma. Ningeshuka ningemheshimu yeye. Kwa kutoshuka, pengine kuna mwingine hatapanda machela."



Yustina akaulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana dai. Ila kama wanatafuta wa kumlaumu, wakumbuke kwamba wafiwa walikuja kwa saa waliyopewa. Kihwele akatazama saa yake, kisha akatazama kiti cha mgeni rasmi, ambacho kilikuwa kitupu, kwa kuwa mgeni alikwisha kuondoka. Akasema kanuni hakuitunga yeye. Akiipindisha leo kwa ajili ya mtu mwema, mwakani ataombwa aipindishe kwa ajili ya mwenye nguvu.

Ikaamuliwa: Eliuta aongezewe sekunde thelathini. Festo ndiye mshindi. Greda iende Lugoda.

Jumatatu asubuhi greda ikapanda Lugoda, na aliyekuwa anaiendesha ni Eliuta, kwa sababu halmashauri haikuwa na dereva mwingine. Alichonga siku nne. Waliomwona wanasema hakulipua kazi: alichimba mitaro, akarudia kona ya tatu mara mbili. Festo alitembea mbele ya greda akiondoa mawe kwa mikono, na katika siku zote nne hawakuzungumza zaidi ya salamu ya "kamwene" kila asubuhi.

Alhamisi jioni Eliuta akazima injini. Tone la kwanza likaanguka kwenye bati la nyumba ya Yustina. Ndani, Tusekile alikuwa amejiegemeza ukutani, bado wiki tatu. Yustina akachukua kile kitambaa cha manjano, akakikunja, akakiweka pamoja na khanga za mtoto.

Sasa ninyi mliosikiliza, msiniachie peke yangu. Mmoja alisimamisha gari kwa ajili ya maiti, mmoja hakushuka kwa ajili ya walio hai, na mmoja alisema kweli iliyomuumiza. Greda ilikuwa moja. Je, nani alistahili barabara?