Zimwi Lililonyoosha Mikono

Sogeeni, wenzangu, mnisikie. Siku ya ngoma, Mkame alimfunga rafiki yake Shindo kamba shingoni, akamcharaza fimbo kwa mzaha mbele ya wakwe za Shindo.

"Lia kama punda!"

Watu wakacheka, wakacheka, wakacheka. Shindo akakimbilia msituni, asirudi.

Majuto yakamla Mkame. Akabeba shoka, akaenda kumtafuta. Mara zimwi likamjia mbio, limenyoosha mikono. Mkame akainua shoka. Pigo la kwanza likalikata mkono. La pili, mguu. La tatu likapasua kifua, damu ikamrukia usoni. Ngozi ya zimwi ikabambuka, ndani yumo Shindo. Kumbe aibu ndiyo iliyomgeuza!

"Mkame," akanong'ona, "nilikuona umekuja kunichukua, nikafurahi."

Akakata roho. Mkame akamkumbatia mpaka mwili ukapoa.

Hadithi yangu imelala hapo, nanyi kalaleni.